Likelemba ya Bangili

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025

Leo sauti yangu imechukuliwa. Hata sikuulizwa.

Directeur Apollinaire aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniwekea simu mbele ya mdomo. Mradi unahitaji sauti ya mtu. Kila mzee tumempa bangili ya plastiki inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, na simu ndogo ambayo lazima ikae karibu na bangili. Mzee akikaa saa nzima ya mchana bila kutikisika, simu inamkumbusha, na inarudia mpaka bangili itembee. Zamani ilikuwa kengele tu. Wafadhili wanasema kengele haimtii mtu moyo.

Nilisema kwa upole: "Maman, Papa, kama munaweza, simameni kidogo."

Alicheka mpaka nikaona sambusa iliyotafunwa juu ya ulimi wake. "Aganze! Uko naomba musaada ku parokia? Sema sawa vile mukubwa! Sema sawa askari!"

Nikarudia. Nikarudia tena. Mwishowe alikubali hii: "Umeikala sana! Simama! Tembea!"

Mimi — kumwambia mzee "simama"! Nyumbani, mzee akiingia mimi ndiye ninayesimama. Nilirudi mezani nikachukua maji nikasukutua mdomo. Upuuzi. Lakini nilisukutua.

Sikukataa. Philémon, aliyeketi kwenye kiti hiki kabla yangu, aliuliza swali moja tu katika mkutano. Sasa anauza vocha za simu chini ya mwavuli pale Feu Rouge, penye taa za barabarani, na nikipita ananisalimu kwa furaha ambayo inanitisha. Mashirika mengi yamefunga hapa mjini Bukavu. Maman yangu na dada yangu kule Minova wananitegemea mimi. Nitakataa nini?


Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Aibu! Aibu!

Jana kulikuwa na matanga Nyamugo, kule juu Kadutu. Watu wameketi chini, kimya, kama inavyotakiwa. Wazee wetu wa kikundi cha Nyamugo walikuwamo na bangili zao. Saa ikatimia. Simu zote zikaanza, mbele ya wafiwa, kwa sauti yangu: "Umeikala sana! Simama! Tembea!"

Maman Virginie, présidente wa kikundi, ndiye aliyenipigia. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

— Papa Aganze, ile sauti ni yako?

— Ndiyo, Maman.

— Haa. Tulisema ni yako. Papa Anaclet alibisha. Alisema wewe uko na adabu.

Kisha akasema mwenye msiba aliwauliza kama marehemu naye asimame.

Nilimweleza Directeur. Nilidhani ataona haya. Aligonga meza kwa furaha! Eti hiyo ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi. Alikuwa akijichokoa meno kwa pembe ya kadi ya matibabu — kadi ya mzee fulani, jina limeandikwa, bado hajapewa.

Kadi hizo ndizo zinazowaleta, si afya ya kutembea. Mwenye kadi anapata dawa za presha na za moyo bila kulipa kwenye kituo cha afya. Kwenye kompyuta yangu kila mzee ni duara. Akitembea vya kutosha, duara ni kijani. Likikaa jekundu majuma mawili, anatolewa na kadi inarudi kwetu. Yaani mwenye miguu mizima anabaki na dawa, na mgonjwa anayeshindwa kutembea ananyang'anywa. Niliandika kanuni hiyo mimi mwenyewe, kwa Kifaransa safi, bila kosa moja la tahajia.

Na daktari aliyepaswa kuwapima kabla ya kuanza? Directeur alisema hakuna haja, bangili inapima.


Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Leo nimeona kitu ambacho sikupaswa kuona.

Nilipanda Nyamugo kupeleka chaja. Mvua ilikuwa imepita, ngazi zote ni tope na maganda ya ndizi na maji ya vyoo yanayoteremka polepole, hayana haraka. Nilikuwa nashika ukuta. Juu yangu nikasikia mtu anateremka, anahema, anaimba wimbo wa kanisani. Maman Virginie! Kitenge amekifunga juu ya magoti, kikapu mgongoni — na mikononi, kuanzia kiganjani mpaka kwenye viwiko, bangili. Bangili zetu! Zote kumi na mbili! Taa ndogo za kijani zinawaka juu ya ngozi yake.

Tulisimama tukatazamana. Ndani ya kikapu zilikuwamo simu.

— Maman, ni nini hii?

Hakuficha chochote. Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto namna ya kula.

— Ni likelemba, Papa.

— Likelemba?

— Haujuake likelemba? Maman yako hachezaki? Wamama banachanga, leo bote banamupa Virginie, kesho bote banamupa mwingine. Basi. Siye tunachanga bangili. Leo mi natembea kwa bote. Kesho ni Papa Anaclet. Hapa ku mulima, nani anaweza panda hii ngazi kila siku na magoti ya wazee? Mais mara moja, kisha unapumuzika siku mingi — ile tunaweza.

Papa Anaclet alikuwa ameketi mlangoni pake, hapo karibu, fimbo kati ya magoti. Alipiga kelele:

— Mwambie na ya mbuzi!

— Nyamaza, wewe.

— Tulijaribu mbuzi ya jirani, Papa Aganze. Tulimufunga mbili. Ile mbuzi ni muvivu kuliko mimi! Analala tu. Sauti yako ilimusemesha, akakula mukanda.

Walicheka wote wawili. Mimi nilicheka pia, Mungu wangu, nilicheka, halafu nikaacha. Kwa sababu nilielewa. Ile mioyo ninayoiona kwenye kompyuta, kumi na miwili, yenye afya, yote ilikuwa ya Virginie. Jana ilikuwa ya mwingine. Moyo wa mgonjwa hatujawahi kuuona.

— Na Maman Clémence? niliuliza.

Maman Clémence alikuwa fundi wa kushona. Miguu yake imevimba kama mito ya kulalia. Mwaka jana walimlaza kwa ajili ya moyo. Akipoteza kadi, dawa zinakwisha. Hili kila mtu anajua.

— Clémence tunamuruka, alisema Maman Virginie. Tunatembea mahali pake.

Akaniuliza kama nitasema. Nilisema sitasema. Aliniita "mwana wani", mwanangu, akaendelea kuteremka, bangili zikigongana.

Sikunyamaza kwa wema. Nikisema, Directeur ataniuliza ilikuwaje mimi, mshika data, sikuona.


Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Wageni wanakuja! Wafadhili, juma lijalo, Jumatano. Mapokezi hotelini, Muhumba, kando ya ziwa.

Directeur alisimama nyuma ya kiti changu kutazama kompyuta. Nilisikia pumzi yake shingoni — kitunguu. Maduara kumi na mawili ya Nyamugo yalikuwa kijani, na chini ya kila moja mapigo ya moyo yaleyale. Sawasawa! Yakipanda yanapanda pamoja. Mtoto wa shule ya msingi angeshituka.

Nilisubiri. 

— Angalia hii! alisema. Wanafuatana kama gwaride! Aganze, njo cohésion, umoja ya kikundi! Hii njo wageni batapenda.

Akapiga picha. Ameamua: siku ya wageni Nyamugo watatembea kule mlimani, na maduara yao yataonekana hapohapo ukutani mwa hoteli, makubwa. Niliuliza kwa nini tusiwaalike wazee wenyewe hotelini. Aliangalia viatu vyangu.

— Na ile tope yao?

Bango limekwisha chapwa: "Wazee 12, Mioyo 12." Limekunjwa hapa kando ya mlango. Kila nikipita linanigusa mguu.


Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda misa. Nimepika bugali na sambaza, visamaki vya ziwa, havikushuka. Kwa jirani kulikuwa na watoto wanacheza. Mmoja alikuwa akimwamuru mwenzake: "Umeikala sana! Simama! Tembea!" Wanajua mpaka mkato wa sauti. Sijui waliisikia wapi.


Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Nimejaribu. Naandika ili nikumbuke kwamba nilijaribu, ingawa ilikuwa kidogo.

Nilimwambia Directeur kwamba pengine Maman Clémence apimwe na daktari kwanza. Nilisema "pengine". Nilisema "kama inawezekana". Nilikuwa nimeshika faili mbele ya kifua kama ngao.

— Clémence yuko kijani, alisema.

— Ndiyo, Directeur.

— Sasa shida iko wapi?

— Miguu yake, Directeur. Imevimba.

— Mutu wa kijani haugue, Aganze. Na bango linasema kumi na mbili. Unataka nifute kwa kalamu?

Nikasema hapana. Nikasema asante! Asante ya nini? Kinywa changu kina mazoea mabaya, kinatoa asante kama pua inavyotoa kamasi.


Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Nilipanda Nyamugo kuhakikisha mambo ya kesho. Niliuliza ni nani atatembea. Nilitarajia Maman Virginie, ndiye mwenye nguvu.

Zamu ni ya Maman Clémence.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilisema haiwezekani. Maman Virginie alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho. Alisema yeye pia amesema haiwezekani, wote wamesema, tangu juzi wanasema tu.

Maman Clémence alikuwa hapo hapo, juu ya kiti chake cha kushonea, ijapokuwa mashini aliiuza zamani. Anahema akiwa ameketi.

— Papa Aganze, sikia. Likelemba haifanyike vile. Bametembea mahali pangu tangu mwanzo. Bangili yangu imepanda hii ngazi ku mikono ya bote. Na mimi nakula dawa, naikala. Mutu anapokea tu, hatoi — huyo ni nani? Ni mwizi.

— Maman, wewe ni mgonjwa. Wanaelewa.

— Mugonjwa, ndiyo. Maiti, hapana. Maiti njo hatoaki zamu.

Papa Anaclet alisema kwa ukali kwamba kama ni zamu, yeye atabeba ya Clémence, na ya Virginie, na ya mbuzi. Hakuna aliyecheka. Maman Clémence alimjibu taratibu:

— Ukinibebea kesho, mbele ya wageni, unanizika. Unataka kunizika, Anaclet?

Papa Anaclet akachomachoma tope kwa fimbo yake.

Nilisema basi kila mtu avae bangili yake, siku moja tu. Maman Virginie ndipo akainua macho. Aliuliza maduara yatakuwa rangi gani. Nilisema ukweli. Mekundu. Nusu yao, labda zaidi, mbele ya wafadhili. Na kadi? Nilisema Directeur atazichunguza zote.

— Sasa unaona, alisema.

Nikasema nitamwambia Directeur kila kitu. Nilisema kwa sauti, nikajishangaa.

Maman Clémence alinishika mkono. Vidole vyake ni baridi, ukibonyeza ngozi inabaki na shimo.

— Ukisema, tunatoka bote. Na wewe pia. Nani anapona hapo? Nitaenda polepole. Nitapumuzika njiani.

Nilitaka kumwambia kwamba akipumzika sana sauti yangu itamfokea. Sikumwambia.

Tulikubaliana kitu kimoja: Maman Virginie na Papa Anaclet watamfuata nyuma. Bila kumshika. Hakutaka kushikwa.

Nimerudi nyumbani. Nimeosha viatu. Harufu haitoki, lakini nadhani si ya viatu.


Jumatano, tarehe 22 Oktoba

Naandika kwenye benchi la ukumbi wa kituo cha afya. Lazima mkono niushughulishe.

Hotelini. Ukumbi una vioo, ziwa lote linaonekana, shwari. Meza ya vyakula ndefu kama meza ya harusi. Wageni wana bangili pia — nzuri kuliko zetu, za chuma. Mmoja alituonyesha namna anavyokimbia kila asubuhi kwao. Directeur alisema wazee wa Bukavu pia wanapenda sana michezo. Wanapenda sana michezo!

Mimi nilikuwa kwenye kompyuta. Ukutani, maduara kumi na mawili, makubwa kama sahani. Kijani. Yakaanza kutembea. Makofi.

Nilikuwa nasoma mapigo. Kumi na mawili, yaleyale. Yalipanda. Nilijua Maman Clémence yuko kwenye ngazi za chini, zile za mawe. Yakapanda tena. Yakawa yanaruka, yanakosa mpangilio, yanarudi. Mgeni mmoja mwanamke alikunja uso, akauliza kama ni kawaida moyo wa mzee kwenda hivyo. Directeur alitafuna haraka, akameza, akasema hiyo ndiyo motisha.

Halafu hatua zikasimama. Zote. Mara moja. Kama mtu aliyezima taa.

— Rekebisha, Directeur alininong'oneza, bado anatabasamu kwa upande wa wageni.

Nilisema naenda chooni. Hiyo ndiyo njia niliyoipata ya kuwa shujaa: kusema naenda chooni. Nilichukua pikipiki mlangoni. Nikampigia Maman Virginie. Alisema wako kituoni, kisha akalia.

Maman Clémence alianguka pale juu, karibu kabisa na mlango wake. Alikuwa amemaliza kupanda. Walimteremsha kwa mgongo wa kijana wa jirani. Papa Anaclet aliniambia, bila kunitazama, kwamba njiani simu zilikuwa zinasema. Sijui kama anasema kweli au ananiadhibu.

Yuko ndani. Ana oksijeni. Muuguzi anasema moyo umejaa maji, wanasubiri daktari. Mlango umefungwa. Bangili walizivua mikononi mwake, kumi na mbili, wakazitia kikapuni pamoja na simu, wakanipa mimi kwa sababu nina beji. Ziko juu ya magoti yangu. Bado zina jasho lake.

Directeur alipiga.

— Uko wapi? Bote wamekuwa jekundu! Wageni bado banakula!

Nilimwambia Maman Clémence ameanguka, yuko na oksijeni. Nilisikia vijiko vya wageni. Nilidhani anatafuta neno.

— Bangili ziko wapi?

— Kwangu, Directeur.

— Zote?

Hakuuliza kwa nini zote. Nikaelewa. Anajua! Alijua tangu siku ile ya "gwaride". Pengine tangu mwanzo.

— Basi zivae, alisema. Tembea hapo ku couloir, humo ukumbini. Nusu saa tu. Watu wamalize dessert.

Na mimi — naandika bila kufuta — mimi nilisema: "Ndiyo, Directeur."

Sikuzivaa. Sikukataa pia. Niliketi tu. Nimeketi muda mrefu, naandika, kikapu magotini, Maman Virginie upande huu na Papa Anaclet upande ule. Wao wanasali. Mimi naandika kwamba wao wanasali.

Saa imetimia. Simu zimeanza.

Zote kikapuni, kwa pamoja, zinapishana. Umeikala sana! Simama! Tembea! Ukumbi mzima uligeuka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama kweli. Niliingiza mikono, nikazima moja, nikazima nyingine, vidole vinateleza. Muuguzi akatoa kichwa:

— Ni nani huyo anafokea bagonjwa?

Maman Virginie hakunitaja. Alitazama sakafu tu.

Sasa simu zimenyamaza. Nimehesabu. Kumi na moja. Nimemwaga kikapu juu ya benchi, nimehesabu tena. Simu ya Maman Clémence haimo. Maman Virginie anasema Clémence hakuitia kikapuni, aliifunga kwenye kitenge, kifuani, aliogopa kuipoteza.

Iko ndani. Naisikia kupitia mlango. Sauti yangu.

Na yeye anaijibu. Sauti ndogo, ya heshima, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake:

— Nasimama, Papa. Nasimama.

Kitanda kinalia. Muuguzi anasema lala, Maman, lala. Nimegonga mlango, nimesema simu iko kwenye kitenge, wamesema ningoje daktari. Nimempigia Directeur aizime kwa kompyuta. Inaita tu.

Itarudia mpaka bangili itembee. Bangili yake ni hii hapa, jina lake limeandikwa ndani kwa kalamu yangu. Nikiivaa nikatembea humu ukumbini, simu itanyamaza. Na kule hotelini duara litarudi kijani, na watapiga makofi.

Inasema tena.

"Nasimama, Papa —"

Papa Anaclet anaitazama bangili mkononi mwangu. Anangoja aone nitafanya nini. Naweka kalamu.